Aliyebaki na Trekta Yake

Juzi fundi wa gari langu alikuwa anaosha beringi ndani ya karai la mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nimeketi kando juu ya kreti ya soda, nangoja, na ghafla nikajikuta nimefunika pua kwa leso. Kijana akaniuliza, "Ni moshi, mathe?" Nikamwambia ndiyo, ni moshi. Ningemweleza nini? Ninyi tuliosoma pamoja kwa koroboi, mliokwenda shuleni na masizi puani, mnajua kwamba harufu ya mafuta ya taa ni harufu ya jikoni na ya vitabu. Kwangu ni ya kitu kingine pia. Ni ya mchana mweupe, jua limesimama utosini, nyuma ya nyumba ya watu kule Matinyani, mbele ya kichuguu kinachokohoa.

Nianze na mama yangu. Mama alifuga matrekta kama wanawake wengine wanavyofuga kuku. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu hapo kwetu Tawa, na Jumatatu hadi Ijumaa ungemkuta na sketi yake ya kijivu na chaki kwenye vidole, mtu wa kawaida kabisa. Jumamosi alivaa ovaroli ya zamani ya Baba, akafunga kitambaa kichwani, akaingia chini ya mashine. Baba yake alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge, na Mama alisema kwamba akiwa mtoto alijifunza kutofautisha ngurumo ya baba yake na za madereva wengine kabla ya kujifunza kusoma. Kwa hiyo aliokota matrekta madogo, ya kizamani, yale ambayo hata ukipewa bure unaona haya kuyachukua. La kwanza, jekundu, alilitoa Kasikeu likiwa limegeuka kuwa banda la kuku. La pili halikuwa na kiti na aliliendesha amesimama. Aliyafufua, akalima nayo vishamba vya majirani, akabeba nayo mchanga wa kanisa. Pasta wetu aliwahi kuhubiri juu ya wanawake wanaovaa suruali. Wiki iliyofuata alikuja taratibu kuuliza kama Mama angeweza kumsombea mawe. Baba, aliyefanya kazi bandarini Mombasa, akija Krismasi aliuliza kwanza, "Watoto wa chuma hawajambo?"

Neno la Matinyani lililetwa na mama mmoja wa kanisani aliyeolewa upande ule. Alisema kuna bibi anaitwa Ndunge ana trekta nyuma ya nyumba, ya tangu zamani, na anataka mtu aje aichukue. Anaitoa bure. Mama hakulala vizuri wiki ile. Likizo ya Agosti ilipofika, kaka zangu walipelekwa Mombasa kwa Baba, na mimi kitinda mimba nikapakiwa kwenye basi pamoja na sanduku la spana.

Susu Ndunge, hivyo ndivyo niliambiwa nimwite kama bibi yangu, alikuwa mrefu na mkavu, na wakati wote tuliokaa kwake sikumbuki kumwona ameegemea kitu. Hata akiketi alikuwa kama mtu anayesikiliza mlango. Alitupeleka moja kwa moja nyuma ya nyumba bila kutupa hata maji. Huko, kati ya ukuta wa nyuma na ua wa minyaa, kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuona, chekundu, chenye minara minene kama vidole vilivyovimba. Nilikitazama muda kabla ya kuona kwamba kichuguu kile kilikuwa na magurudumu.

Sehemu ya nyuma tu ndiyo ilikuwa nje. Magurudumu mawili makubwa yaliyokauka mipasuko, kiti cha chuma chenye matundu, na nusu ya usukani. Pua yote, injini, magurudumu ya mbele, vilikuwa vimemezwa. Mchwa walikuwa wamepanda hadi kwenye usukani wakaanza kuukandika, kama wanaokandika nyumba.

"Na mwenyewe yuko wapi, mwaitu?" Mama akauliza. Kwetu hivyo ndivyo unavyomwita mwanamke mwenye umri wa mama yako.

Susu Ndunge hakuinua mkono. Alielekeza kwa midomo, kule kule kwenye kichuguu na ukuta. "Yeye alibaki na trekta yake."

"Alibaki?"

"Wewe toa tu hii kitu, mwalimu. Toa kabla mvua haijakuja. Mimi sitaki chochote kwako."

Mama akageuka kukitazama kichuguu, na kwa macho yake nilijua kwamba hasikii tena neno lolote. Lakini mimi nilisikia. Alibaki na trekta yake. Na mbele yangu hapakuwa na mtu. Palikuwa na udongo tu.

Lori lisingeweza kuvuka mto wa mchanga uliokuwa kati ya boma lile na barabara. Kwa hiyo trekta ingepaswa kufufuliwa papo hapo ivuke yenyewe, na lori lingeingoja ng'ambo. Mama hakusikitika. Alikuwa na msemo wake, kwamba trekta haitoki kwao ikiwa imebebwa kama maiti. Basi tukakaa. Tulipewa chumba cha mbele. Susu alilala cha katikati. Cha nyuma, kile ambacho ukuta wake ulitazamana na trekta, kilikuwa kimefungwa.

"Hiyo ni ya nafaka," Susu aliniambia aliponiona nakitazama. "Ina panya. Usifungue."

Kila adhuhuri alipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye sahani za bati: ya Mama, yangu, yake, na nyingine moja aliyoifunika kwa sahani. Hiyo aliingia nayo chumba cha nafaka, akatoka na sahani tupu. Siku ya pili au ya tatu nilishindwa kuvumilia.

"Susu, panya wanakula kwa sahani?"

Aliikung'uta ile sahani tupu. "Panya wa hapa wana adabu," akasema.

Mama alichimba. Alianza kwa jembe, akaendelea kwa panga, na alipokaribia chuma alitumia mikono na kipande cha brashi. Kazi yangu ilikuwa kubeba udongo kwa karai hadi kwenye minyaa. Ndani kichuguu kilikuwa na unyevu na joto kama mdomo. Mchwa walitoka weupe, laini, wakakimbia jua, na ukiinama ulisikia sauti yao, mchakato mdogo usiokatika, kama watu wengi wanaonong'ona nyuma ya mlango. Kipande kwa kipande pua ya trekta ikatokea, ya kijivu, na macho yake mawili ya taa yamejaa udongo. Mama aliimba tenzi za kanisani akifanya kazi. Sijawahi kumwona mwenye furaha kama alivyokuwa pale.

Kikohozi cha kwanza nilikisikia mchana. Mama alikuwa ameteremka mtoni kuchota maji ya kuoshea rejeta, Susu alikuwa shambani, na mimi nilikuwa nimepanda juu ya kile kiti cha matundu nikijifanya dereva. Hakukuwa na upepo. Hata kuku walikuwa wamenyamaza kwa joto. Ndipo mtu akakohoa. Kikohozi cha mwanamume, kikavu, kifupi, cha mtu anayejizuia. Sikuweza kujua kimetoka wapi. Kilitoka chini yangu, nyuma yangu, ndani ya chuma. Nilishikilia ukingo wa kiti. Kisha nikasikia kitu kingine kibaya zaidi: mtu ananguruma kwa mdomo. Mmmmmm. Polepole, chini, ikipanda na kushuka, vile watoto wanavyoigiza injini. Ilibadilisha gia. Ikapanda mlima. Ikanyamaza.

Nilishuka nikakimbia hadi mtoni, na huko nilikuta yaliyokuja kunimaliza. Mama alikuwa kwenye shimo la maji mchangani pamoja na mwanamke mmoja wa jirani, na huyo mwanamke alikuwa anasema, "Kumbe ni ninyi mnaochimba kwa Kitheka?"

"Kitheka ndiye mume wa Ndunge?" Mama akauliza. "Alikufa?"

"Nani alimzika? Sisi hatukumzika. Baada ya yale mambo, ardhi ilimmeza tu."

"Mambo gani?"

Mwanamke akajitwika mtungi wake wa plastiki. "Muulize Ndunge," akasema, akaenda.

Ninyi mnajua maana ya maneno hayo. Mtu akihama kimya kimya, tunasema ardhi imemmeza. Lakini nilikuwa katika umri ule ambao maneno yanasema yanachosema. Ardhi ilikuwa imemmeza Kitheka, na ardhi yenyewe nilikuwa nimeiona, nilikuwa nikiibeba kwa karai. Sahani ile ya muthokoi sasa ilieleweka. Nyuma ya chumba cha nafaka, nilifikiri, kuna tundu linaloingia kichuguuni, na Susu anamlisha mumewe kupitia humo ili asikasirike. Na mama yangu, akiimba, alikuwa anamfukua.

Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani niliogopa kwamba Mama angefurahi. Alipenda kila kitu kilichofunikwa na kutu. Ningejuaje kwamba hatampenda na huyu? Badala yake nilianza kuzungumza na aliye ndani. Nikiachwa peke yangu nilinong'ona kwenye bomba la moshi, "Tunakutoa polepole. Usitoke ghafla." Siku moja niligonga bati la gurudumu kwa jiwe, nikasikia kugongwa kwingine, kwa upole, kutoka nisikokujua. Sikugonga tena.

Injini ilikuwa imeshikana. Mama alimimina oili iliyochanganywa na mafuta ya taa kwenye matundu ya plagi, akaiacha inywe. Alichemsha kabureta ndani ya sufuria ya Susu. Trekta za aina ile, aliniambia, huamka kwa petroli lakini hufanya kazi kwa mafuta ya taa. Unaiwasha kwa moja, ikipata joto unageuza kijiko kidogo cha bomba la mafuta, inakunywa nyingine. "Kama watu," alisema. "Asubuhi chai, mchana muthokoi." Mikono yetu, nguo zetu, hata chapati zilinuka mafuta ya taa.

Kisha tukafika kwenye gurudumu la nyuma. Mchwa walikuwa wamejaza udongo chini yake, na Mama alikuwa anaukwangua kwa panga ili lipate kuzunguka. Panga likagusa kitu laini. Akakivuta. Kilikuwa kiatu cha mtoto, cha plastiki, kile cha matundu tulichovaa sote enzi zile, cha mguu mmoja, kimebanwa bapa kama jani. Mama alichuchumaa nacho. Nilimwona akikitazama, kisha akautazama mguu wangu, kisha tena kile kiatu.

"Mama, ni cha nani?"

"Cha mtu mdogo," akasema. Akakitia mfukoni mwa ovaroli, akasimama, akaingia jikoni na grisi hadi viwikoni. Sikuwahi kumwona akiingia jikoni kwa mtu bila kunawa.

Nilisimama nyuma ya mlango. Sauti ya Mama ilikuwa chini. "Alikuwa wa umri gani?"

"Kama huyu wako," Susu akajibu.

"Na yeye? Mzee?"

"Yuko ndani."

"Miaka yote hii, mwaitu?"

"Ni yeye alisema. Alisema jua lisimwone tena. Mimi nikaambia watu amekwenda. Ungewaambia nini?" Kijiko kiligonga sufuria. "Mchana anaongea na hiyo kitu kwa ukuta. Anaiambia isimame. Anaiambia polepole. Mwalimu, nimechoka. Nilifikiri ikienda, atanyamaza."

"Ungeniambia kabla sijamleta mtoto wangu hapa. Kesho tunaondoka."

"Nenda," Susu akasema. "Lakini umeshaitoa pua nje. Ameisikia. Sasa mimi nibaki naye vipi?"

Nilisikia Mama akivuta kigoda akaketi. Nami, nyuma ya mlango, nilikuwa nimeshaunganisha yangu: aliye ndani ya kichuguu alikuwa amemla mtoto wa umri wangu, na kilichobaki kilikuwa kiatu.

Asubuhi nilidhani tutafunga mizigo. Nilipotoka nje nikamkuta Mama ameketi juu ya jiwe, anasafisha plagi kwa msasa. "Tutamalizia," akasema bila kuinua macho. "Wewe leo usikae karibu. Ukiniona nashika hendo, hiki chuma cha kuzungushia injini, simama pale kwenye kona ya jiko, usitoke."

Aliiwasha karibu na adhuhuri. Nilisimama konani kama nilivyoambiwa. Mbele bado kulikuwa na ukuta wa udongo, kwa hiyo trekta ingepaswa kwanza kurudi nyuma kidogo ili ijichomoe, kuelekea ukuta wa nyumba. Mama alizungusha hendo. Injini ikakohoa. Akazungusha tena. Ikakohoa tena, kikavu, kifupi, na nilikijua kikohozi kile. Kisha ikashika. Kichuguu chote kikatetemeka. Minara ikaanza kuanguka vipande vipande. Moshi mweupe ulijaa uani, na Mama alipogeuza kile kijiko harufu ikabadilika, ikawa nzito na tamu, harufu iliyonikuta juzi kwenye kreti ya soda. Susu alisimama mlangoni pa jiko, leso mdomoni.

Chini ya ngurumo nikasikia sauti. "Ungama! Ungama!" Kwa Kikamba ni simama. Ilikuwa sauti ya mwanamume, na kwa mara ya kwanza nilitambua inakotoka. Haikutoka kichuguuni. Ilitoka ukutani. Miguu yangu ikanichukua yenyewe. Sikuwa na ujasiri, ila nilitaka kuona huo ukuta unaongea vipi, kama vile unavyotaka kugusa kidonda. Nikaenda hadi nyuma ya trekta, nikaweka sikio langu kwenye matofali.

Mama alikuwa ameshapanda. Alikuwa ametazama mbele, kwenye udongo unaoanguka. Akatia gia ya nyuma, akaachilia pedali, na trekta ikajinyofoa kwa kishindo ikaja. Alipogeuza kichwa akaniona. Nililiona pia jicho lake. Akaikanyaga pedali ya klachi kwa nguvu zake zote, nikasikia chuma kikikatika, tak, na trekta haikusimama.

Kulikuwa na dirisha dogo la mbao kwenye ukuta ule, ambalo siku zote nilidhani limepigiliwa misumari. Lilifunguka likapiga ukuta. Mikono ikatoka, mieupe kwa vumbi au kwa kukosa jua, mirefu, na nyuma yake kichwa chenye mvi zilizosimama kila upande. Ilinishika kwapani. Nilinyanyuliwa, nikavutwa juu na ndani, gizani, nikaangushwa sakafuni na mwili mzima wa mtu ukanifunika. Kisha nyumba ikapigwa. Matofali yalianguka, vumbi likaingia, mwanga ukaingia kwa mkupuo kama maji, na injini ikazima.

Nilidhani nimemezwa. Nilidhani hivi ndivyo ndani ya ardhi kulivyo. Nilifumba macho nikangoja kuliwa. Lakini yule mtu hakuwa ananila. Kinywa chake kilikuwa juu ya nywele zangu, na alikuwa anasema neno moja tu, tena na tena.

"Nimekuona," alisema. "Nimekuona mapema, Kalekye. Nimekuona mapema."

Kitu kilichoniondolea hofu kitawashangaza. Mikono yake ilinuka sabuni. Ile sabuni ya mche ya bluu tuliyofulia sote. Niliisikia harufu hiyo katikati ya vumbi na moshi, na akili yangu ya kitoto ikasema: wafu hawaogi. Nikafungua macho. Niliona kitanda kilichotandikwa vizuri, kigoda kilichoelekezwa ukutani, sahani iliyofunikwa, na tundu kubwa palipokuwa na ukuta, na gurudumu la trekta ndani ya tundu hilo.

Mama aliingia kwa kupitia hapo hapo, anatambaa juu ya matofali. Nilitegemea atanipokonya. Hakunipokonya. Alipiga magoti, akaweka mkono wake mweusi wa grisi juu ya mgongo wa yule mzee, na sauti yake ilikuwa imevunjika lakini ilisema, "Ndiyo, baba. Umemwona. Umemwona mapema." Akaendelea kusema hivyo mpaka mikono ikalegea yenyewe.

Susu Ndunge hakushukuru. Alisimama nje ya lile tundu akapiga kelele kama mtu aliyeibiwa. "Nilikuambia uitoe! Sikukuambia umtoe yeye!" Alilia kwa hasira, na alimlilia mumewe, na mimi, na ukuta wake. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akilia hivyo. Mama alimwacha. Akaingia chini ya trekta.

Alitoka na kipande cha chuma, kile kijiti kinachotoka kwenye pedali kwenda kwenye klachi, kimekatika sehemu mbili. Alikitazama juani muda mrefu. Kisha akakipeleka kwa mzee, ambaye kwa sasa alikuwa ameketi juu ya matofali ya ukuta wake mwenyewe, mkono umekinga macho.

"Baba," Mama akasema, "tazama hapa. Leo kimekatika hapa tu, hapa panapong'aa. Huku kwingine kote ni kutu. Hiki kilipasuka zamani. Ukikanyaga, kilikuwa kinajikunja, hakisukumi."

Mzee Kitheka alikichukua. Alikigeuza. Alipita kidole juu ya ile kutu polepole, kama anayesoma.

"Niliikanyaga," akasema. "Siku ile. Kalekye alikuwa amelala hapo kwenye kivuli cha ukuta, mimi sijui. Nikamwona, nikaikanyaga. Ikakataa." Akamwinulia mkewe uso. "Ndunge, nilikuambia niliikanyaga."

 Leso ilikuwa mkononi mwa Susu imesokotwa kama kamba. Kwa miaka yote ile alikuwa amempikia, amemwogesha, amemfulia, amemdanganyia kijiji kizima, na sasa nadhani sote pale uani tulijua kwamba hakuwa amemwamini. Aliingia jikoni. Tulidhani hatarudi. Alirudi na muthokoi kwenye sahani isiyofunikwa, akaiweka juu ya goti la mzee, nje, penye jua, na akaketi kando yake. Nilimwona akiegemea yale matofali.

Mama alipata kijiti kingine kwa fundi wa kuchomelea kule sokoni, na siku iliyofuata trekta ikawaka bila kubisha. Hatukuweza kuondoka hivi hivi. Mzee alikuwa amesimama mbele yake, amevaa koti lililokuwa kubwa kwake sasa, na hakutaka kutoka njiani. Susu alimvuta mkono. Mama akasema, "Mwache, mwaitu," kisha akamwambia mzee, "Baba, njia ya mtoni mimi siijui vizuri. Utatutangulia?"

Basi akatutangulia. Mama aliendesha kwa mwendo wa miguu yake, nami juu ya bati la gurudumu nimeshika kwa mikono miwili. Watu waliisikia ngurumo wakatoka majumbani, na mnaweza kuwaza walichokiona: mchana wa jua kali, trekta iliyozikwa inatembea, na mbele yake Kitheka, ambaye ardhi ilimmeza, mweupe kwa vumbi, anatembea akitazama chini kwenye majani. Yule mwanamke wa mtoni aliangusha mtungi wake akakimbia bila viatu. Mzee mmoja alivua kofia, akabaki nayo kifuani. Hakuna aliyemsalimu. Watoto tu ndio hawakumjua, na wao walikuja mbio kuizunguka trekta kama watoto wa popote. Kila walipokaribia, Kitheka aliinua mkono, Mama akasimama, naye akaenda akawashika mmoja mmoja mabegani akawasogeza kando, pole pole, akahakikisha, ndipo tukaenda. Safari fupi ile ilituchukua mchana wote.

Sisemi kwamba alipona. Mama alirudi kuwaona mara kadhaa, na alisema kuna siku mzee alikaa nje na watu na kuna siku alirudi chumbani mwake, ingawa ukuta ule haukujengwa tena vile ulivyokuwa. Susu aliweka dirisha kubwa. Mzee alifariki baada ya mvua chache, akazikwa na kijiji kizima, na wengi walisema walikuwa wanamzika kwa mara ya pili.

Lakini siku ile, ukingoni mwa mto, mzee alisimama. Mchanga ulikuwa umelala mbele yetu, mpana, na ng'ambo lori lilikuwa linangoja. Alikuja hadi ubavuni mwa trekta akanitazama. Nilijua ataniita Kalekye, na nilikuwa nimeshaamua kuitika.

"Unaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia naitwa Mumbua.

"Mumbua," akasema, akitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu misimu. "Kalekye wetu angekuwa mama wa mtoto kama wewe sasa."

Akarudi nyuma hatua chache, akatupisha. Mama alitia gia na tukashuka mchangani, magurudumu yakizama na kupanda. Nilipogeuka, tulikuwa tumeshafika katikati, na hakukuwa na mtu wala mbuzi mbele yetu wala nyuma yetu. Yeye alikuwa bado amesimama ukingoni, ameinua mikono yote miwili, anaivuta kuelekea kifuani mwake ingawa tulikuwa tunamwacha nyuma, vile wanaume wanavyomwongoza dereva anayepita mahali pembamba: haya, njoo, njoo tu, njia ni nyeupe.